Kwa nini michoro ya awali ya wasanii hutuingiza ndani ya nyumba kuliko picha zilizokamilika

Mleta mada:

Wanajamvi, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Kwa nini mchoro wa awali, ule ambao msanii aliuchora upesi kwenye karatasi kabla ya kugusa turubai, mara nyingi hutufikisha jikoni na chumbani kwa watu, wakati picha ya rangi iliyotokana nao hutuacha sebuleni kama wageni? Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba mchoro wa awali una hisia zaidi. Mimi silikubali. Naona sababu yake ni ya kawaida kabisa, na ndiyo maana inanipendeza: watu wa nyumbani hawatulii, na karatasi hutunza ushahidi wa kutotulia kwao.

Nianze na karatasi moja. British Museum, jijini London, upo mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1656 hivi, uliochorwa kwa kalamu na wino wa kahawia, unaoonyesha mtoto akifundishwa kutembea. Mama amemshika upande mmoja, dada mkubwa amemshika upande wa pili, na mbele yao amechuchumaa mwanamume ambaye wengi humchukulia kuwa baba, mikono ameinyoosha kumpokea. Pembeni anapita mwanamke aliyebeba ndoo ya maziwa. Ukiitazama ndoo hiyo unajua mara moja kwamba imejaa, lakini maziwa hayakuchorwa. Kilichochorwa ni mkono wake mwingine, ulionyooshwa nje ili kusawazisha uzito, kwa mistari michache ambayo mtu angeweza kuihesabu. Mchoraji David Hockney amewahi kusema hadharani kwamba huo ndio mchoro bora kuliko yote iliyowahi kuchorwa. Sipendi sana mashindano ya namna hiyo, ila kila ninapoitazama ile ndoo nakosa hoja ya kumpinga.

Mfano wa pili ni wa Leonardo da Vinci. Mwishoni mwa miaka ya 1470 au mwanzoni mwa miaka ya 1480 alichora mara kadhaa Bikira Maria akiwa na Mtoto Yesu, na mtoto huyo amemkumbatia paka. Hakuna picha ya rangi ya somo hilo inayojulikana. Zimebaki karatasi tu. Mojawapo, ambayo nayo ipo British Museum na ni ndogo kiasi kwamba kiganja kingeweza kuifunika, inamwonyesha paka akibanwa, akijipinda na kutaka kuchoropoka, na kalamu inamfuata kwa mistari inayopandana hadi huwezi kusema ni mguu upi wa nyuma ambao Leonardo aliukubali mwishowe. Kichwa cha Maria nacho kimechorwa katika nafasi mbili. Kisha Leonardo akaigeuza karatasi, akaifuatisha mistari ile kwa upande wa nyuma, na huko akaendelea kutafuta mpangilio. Yeyote aliyewahi kukaa chumba kimoja na mtoto mdogo na paka anajua kwamba mambo haya hayabuniwi mezani. Ni lazima mtu aliyaona.

Mimi mwenyewe huchora kwa kujifurahisha. Jioni moja nilijaribu kumchora mwanangu akiwa amelala, nikidhani nimempata mtu wa kuchorwa asiyesumbua. Aligeuka mara tatu kabla sijamaliza kichwa, na karatasi ile hadi leo ina mtoto mmoja mwenye mikono minne. Nilitaka kuitupa. Mke wangu aliichukua, akaitazama, akasema, "Lakini ndivyo anavyolala."

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Ukaribu tunaouona kwenye michoro ya awali haukuwekwa pale na moyo wa msanii. Uliachwa pale na mwili wa mtu ambaye hakukaa apigwe picha. Msanii alikuwa na sekunde chache, na alichoshindwa kukikamilisha ndicho kinachotuambia kwamba alikuwepo. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, mada ni nzuri, ila naona umechanganya vitu viwili. Mchoro wa awali, kwa maana yake halisi, ni ule uliochorwa kwa ajili ya kazi fulani itakayofuata. Huo wa mtoto kufundishwa kutembea hauna picha ya rangi tunayoweza kuitaja kuwa ulikuwa maandalizi yake, kwa hiyo si wa awali kwa chochote. Huo ni mchoro tu, unaojitegemea.

Pili, hoja yako inakwama kwa Johannes Vermeer wa Delft. Huyu ndiye mchoraji ambaye watu wengi wanamtaja kwanza wanapozungumzia utulivu wa nyumbani: mwanamke anasoma barua, mwanamke anasuka lesi, mwanamke anapima mizani. Picha zake zinazojulikana hazifiki 40, na hakuna hata karatasi moja ya mchoro ambayo inakubalika bila ubishi kuwa ni ya mkono wake. Kama ukaribu unatoka kwenye mchoro wa haraka, huyu aliutoa wapi?

Mleta mada:

Ndugu, hoja zote mbili ni nzito, na ya kwanza naikubali nusu.

Ni kweli kwamba michoro mingi ya nyumbani ya Rembrandt haikuelekezwa kwenye kazi moja maalumu. Hata hivyo, haikuwa michezo ya kupitisha muda. Ilikuwa akiba. Mwaka 1680, baada ya kifo cha mchoraji Jan van de Cappelle, iliorodheshwa mali yake, na ndani yake ilikuwemo michoro ya Rembrandt ipatayo 500. Mkoba mmoja ulielezwa kuwa na michoro 135 ya maisha ya wanawake pamoja na watoto. Fikiria hilo: miaka kumi na moja tu baada ya Rembrandt kufa, tayari mtu alikuwa ameiweka michoro hii mahali pamoja kwa mada. Haiwezekani kwamba kundi kubwa hivyo lilitokana na bahati.

Na akiba hutumika, ingawa haitumiki kwa kunakiliwa mstari kwa mstari. Rembrandt alimwoa Saskia van Uylenburgh mwaka 1634. Saskia alizaa mara nne. Watoto watatu wa kwanza walifariki wakiwa wachanga, akabaki Titus, aliyezaliwa mwaka 1641, na mama mwenyewe akafariki mwaka uliofuata. Katikati ya miaka hiyo Rembrandt alimchora Saskia akiwa kitandani tena na tena. Upo mmoja, Munich, ambapo Saskia amelala na mwanamke mwingine ameketi karibu na miguu ya kitanda, mbele yetu kabisa, kana kwamba mchoraji naye ameketi nyuma ya mwanamke huyo akisubiri. Mwaka 1639 Rembrandt alitoa chapa kubwa (yaani picha iliyochapwa karatasini kutoka kwenye bamba) ya kifo cha Bikira Maria, yenye kitanda kikubwa, watu wamekizunguka na mgonjwa ameegemeshwa kwenye mito, na wataalamu wengi wameihusisha chapa hiyo na karatasi zile za chumbani kwake. Alipohitaji kitanda cha mtakatifu, alikuwa ameshajua namna kichwa cha mgonjwa kinavyozama kwenye mto.

Mwaka 1645 akachora Familia Takatifu ambayo sasa ipo Hermitage, Saint Petersburg. Yusufu anachonga mbao nyuma, Maria ana kitabu mkononi, lakini ameacha kusoma, ameinama, anainua kifuniko cha susu ili amtazame mtoto. Ni kitendo ambacho wazazi hukifanya mara nyingi kwa usiku mmoja bila sababu yoyote ya maana. Malaika wanashuka juu yao, na kwa maoni yangu malaika wale wangeweza kuondolewa bila hasara.

Sasa Vermeer. Hapa naomba univumilie, kwa sababu jibu lake limepatikana juzijuzi tu. Mwaka 2022 Rijksmuseum ya Amsterdam ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa picha yake ya mwanamke anayemimina maziwa. Kwa kutumia vifaa vinavyoweza kuona chini ya rangi ya juu, watafiti walikuta mchoro wa haraka wa rangi nyeusi, uliopakwa kwa mipigo mipana ya brashi, na pamoja nao vitu viwili ambavyo Vermeer alivianza kisha akavifunika. Cha kwanza kilikuwa nyuma ya kichwa cha mwanamke, nacho ni ubao wa kutundikia magudulia. Cha pili kilikuwa chini kulia, nacho ni kapu la moto, yaani fremu iliyosukwa, ya kuwekea chombo cha makaa ndani yake, ambayo ilitumika kuwapasha joto watoto wachanga na kukaushia nepi.

Kapu la nepi, ndugu yangu! Vermeer na mkewe Catharina walizaa watoto 15, wanne kati yao wakafa wadogo. Tunapoitazama picha ile leo tunaona ukuta mweupe, mkate, mkondo mwembamba wa maziwa na ukimya, na tunasema huyu bwana alijua utulivu wa nyumbani. Chini ya ukimya huo kulikuwa na kifaa cha nyumba yenye watoto. Mchoro wa awali alikuwa nao. Aliuweka mahali ambapo sisi hatukuweza kuuona kwa zaidi ya miaka 350. Alichokiondoa alipokuwa akielekea kwenye picha kamili ni kile hasa ninachokizungumzia.

Mchangiaji wa pili:

Naomba nitie neno kama mtu wa ufundi, kwa sababu mimi ni mchapaji wa picha kwa mabamba ya shaba, na nadhani hapa tunasahau kwamba mara nyingine mchoro wa awali ni kifaa cha kazi kama nyundo, wala si hatua ya kufikiri tu.

Mfano wangu ni Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa. Mwaka 1890 aliona maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani katika École des Beaux-Arts jijini Paris, na mwaka uliofuata akaonyesha kwenye jumba la Durand-Ruel chapa zake kumi za rangi. Masomo yake ni ya ndani tupu: mama akipima joto la maji ya kumwogesha mtoto, mwanamke akilamba bahasha ili aifunge, fundi cherehani akiwa amepiga magoti kwenye pindo la gauni la mteja, mama akimbusu mtoto aliye uchi.

Njia mojawapo aliyoitumia ni hii. Bamba la shaba hupakwa nta laini yenye mafuta ambayo haikauki ikawa ngumu. Karatasi hulazwa juu yake, na msanii huchora kwa penseli kwenye karatasi hiyo kama kawaida. Kila anapokandamiza, nta iliyo chini hunata nyuma ya karatasi, kwa hiyo karatasi ikiinuliwa, mistari inakuwa imeng'oka kutoka kwenye bamba. Bamba likiingizwa kwenye asidi, shaba huliwa pale palipoachwa wazi. Maana yake ni kwamba mgandamizo wa mkono wenyewe unapita. Mstari uliochorwa kwa kusitasita unachapwa ukiwa na kusitasita kwake. Ukiigeuza karatasi ya namna hiyo nyuma yake utakuta nta imeganda kwenye mistari, na kwangu mimi upande huo wa nyuma una thamani kuliko wa mbele.

Linganisha na Wajapani wenyewe ambao Cassatt aliwaiga. Kwao mchoro wa mwisho ulichorwa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kifudifudi juu ya ubao, na mchongaji akachonga akipita humohumo kwenye karatasi. Mchoro ulikufa ili chapa izaliwe. Ndiyo maana michoro ya Hokusai iliyokamilishwa kwa ajili ya kuchongwa ikapona ni nadra, na ile 103 ambayo British Museum iliinunua mwaka 2020 ilipona kwa sababu moja tu: kitabu kilichokusudiwa hakikuchapishwa. Kwa hiyo mleta mada anapozungumzia kile ambacho karatasi imetunza, tukumbuke pia kwamba karatasi nyingi hazikutunza chochote, kwa kuwa hazipo.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nakuja na neno la kupooza shauku, naomba nisamehewe.

Mnazungumza kana kwamba kila mwanamke aliyeinama kwenye karatasi alikuwa mke, mama au dada wa msanii. Si kweli. Palais des Beaux-Arts ya Lille, Ufaransa, ina karatasi ya Raphael iliyochorwa kwa chaki nyekundu kwa ajili ya picha inayoitwa Madonna ya Alba, ya mwaka 1510 hivi, ambayo sasa ipo Washington. Kwenye picha ya rangi, Bikira Maria ameketi chini kabisa kwenye majani, mguu mmoja ameunyoosha, mtoto yupo mapajani. Kwenye karatasi, aliyeketi hivyo ni kijana wa kiume, bila shaka msaidizi wa karakana, akiwa na nguo zake za kazi na miguu wazi. Ule upole wa kimama tunaousifu ulianza na mvulana aliyeambiwa akae chini asitikisike.

Chukua pia Edgar Degas. Mwaka 1886, katika maonyesho ya nane na ya mwisho ya kundi la wachoraji wa Impressionism, alionyesha mfululizo wa wanawake wakioga, wakijifuta na kuchana nywele, na hadi leo watu huandika kwamba alichungulia faragha ya nyumbani. Lakini wengi wa wanawake hao walikuwa wa kulipwa, na beseni lilikuwa karakanani kwake. Mikao ile alizoea kuifuatisha kwa karatasi ya kupenya mwanga, akaitumia tena akiigeuza kushoto na kulia. Kuna ufundi mkubwa humo, ila nyumbani hapakuwepo.

Na wale ambao kweli walikuwa wa nyumbani, nani aliwauliza? Saskia akiwa mgonjwa kitandani, baada ya kuzika watoto, mumewe ameshika kalamu badala ya kumshika mkono. Sisemi alikosea. Nasema tusiite kila kitu upendo.

Mleta mada:

Hili la mwisho ndilo lililonifanya nichelewe kujibu.

Kuhusu Raphael, nadhani mfano wako unanisaidia kuliko unavyonipinga. Nilisema tangu mwanzo kwamba ukaribu hautokani na hisia. Kijana yule hakuwa na mtoto mapajani, na Raphael hakuwa na haja ya kumpenda. Alihitaji kujua uzito wa mwili unakwenda wapi mtu anapoketi chini na goti moja limekunjwa. Mwili ulikuwa wa kweli. Jinsia na utakatifu viliongezwa baadaye. Kuhusu mabeseni ya Degas nakukubalia yote, wala sina la kuongeza.

Ila Degas ana kazi nyingine inayonihangaisha zaidi. Mwaka 1858, akiwa kijana, alikwenda kukaa Florence kwa shangazi yake Laura, aliyeolewa na Gennaro Bellelli, mtu wa Naples aliyekuwa uhamishoni kwa sababu za kisiasa. Laura alikuwa amevaa nguo za msiba, kwa kuwa baba yake, ambaye ndiye babu yake Degas, alikuwa amefariki mwaka huo. Degas alimchora shangazi, akachora mikono yake peke yake, akawachora mabinti wawili, Giovanna na Giulia, mmojammoja. Kisha akarudi Paris na mzigo wa karatasi, na picha kubwa ya karibu mita mbili kwa mbili na nusu ikatengenezwa huko, mbali na familia, kwa muda wa miaka kadhaa.

Ukiitazama picha hiyo Musée d'Orsay unaona ndoa isiyo na joto. Mama amesimama wima kama nguzo, macho yanapita juu ya vichwa vya wote. Baba ameketi akitupa mgongo. Giovanna yupo upande wa mama. Na katikati ni Giulia, ambaye amekalia mguu wake mmoja hadi inaonekana mguu huo haupo. Giulia ndiye pekee anayekaa kama mtoto. Mkao wa mama ungeweza kupangwa na mchoraji, na wa baba pia, lakini mtoto anayekalia mguu wake kwa sababu amechoka kukaa vizuri ni jambo lililoonekana Florence, likabebwa kwenye karatasi hadi Paris. Familia ile haikuwahi kukaa pamoja mbele ya turubai hilo. Hata hivyo Degas hakuliuza. Lilikutwa katika karakana yake alipofariki mwaka 1917.

Sasa swali la nani aliwauliza. Mtu aliyelijibu kwa uaminifu kuliko wote ninaowajua ni Käthe Kollwitz wa Berlin. Mwaka 1903 alitengeneza chapa ya mwanamke aliyemkumbatia mtoto wake aliyekufa, amemkunjia miguu na kumzika uso kifuani kama mnyama anayelinda windo. Kwa maandalizi yake aliketi mbele ya kioo akiwa amempakata mwanawe Peter, aliyekuwa na umri wa miaka saba, akajichora mwenyewe na yeye. Baadaye alieleza katika barua kwamba mkao ule ulimchosha hadi akaguna kwa maumivu, na mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa maiti, akamtuliza kwa sauti ndogo kwamba anyamaze, picha itakuwa nzuri sana.

Mchoraji hakuchungulia mlangoni hapo. Alikuwa ndani ya kitendo, mkono mmoja umemshika mtoto na mwingine unachora. Peter aliuawa vitani nchini Ubelgiji mwezi Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Watu hupenda kusema kwamba chapa ile ilitabiri. Sidhani kama kuna haja ya utabiri. Mumewe Karl alikuwa daktari katika mtaa wa wafanyakazi maskini, na wanawake waliokuja kutafuta tiba walipita mlangoni kwao kila siku. Vifo vya watoto alivijua kabla ya kumpakata Peter mbele ya kioo.

Na kuhusu Saskia, naongeza kitu kimoja tu. Berlin ipo karatasi ya ngozi iliyoandaliwa, ambayo Rembrandt aliichora kwa kalamu ya fedha mwezi Juni 1633. Saskia amevaa kofia pana yenye maua, ameegemeza shavu mkononi, anatutazama. Chini yake Rembrandt aliandika kwamba huyu ni mke wake akiwa na miaka 21, siku ya tatu baada ya uchumba wao. Hapo Saskia alikubali, alikaa, na alijua anatazamwa. Kalamu ya fedha haifutiki kirahisi, kwa hiyo kila mstari ulipimwa. Miaka michache baadaye, kitandani, hakuna kofia, hakuna maandishi, na wino umekwenda mbio. Hatuwezi kujua kama alikubali. Tunachoweza kuona ni kwamba alikuwa amezoea kuwa na mtu huyo na kalamu yake chumbani.

Mchangiaji wa nne:

Swali fupi kwa mleta mada na kwa yule mchapaji. Nani alizitunza karatasi hizi? Picha ya rangi ina mnunuzi, lakini karatasi yenye mtoto mwenye vichwa viwili, nani ana sababu ya kuiweka miaka 400?

Mchangiaji wa pili:

Mara nyingi ni mchoraji mwingine, kwa sababu anaweza kujifunza kutoka kwayo. Huyo Van de Cappelle aliyetajwa alikuwa mchoraji. Wengine waliziuza warithi: karakana ya Degas ilipigwa mnada mwaka 1918 na 1919, na karatasi zikagongwa muhuri wa jina lake ndipo zikatawanyika duniani.

Mleta mada:

Na mara nyingine ni familia yenyewe, na hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Gerard ter Borch, mchoraji wa Uholanzi aliyesifika kwa picha za wanawake wenye magauni ya hariri wakiandika barua, alitoka katika nyumba ambayo karibu kila mtu alichora. Baba yake, ambaye naye aliitwa Gerard, alizitunza karatasi za watoto wake tangu walipokuwa wadogo kabisa, na kwenye karatasi hizo akaandika tarehe kwa mkono wake. Ya kijana Gerard iliyo ya zamani kuliko zote ina tarehe ya Septemba 1625, alipokuwa bado hajafikisha miaka minane. Dada yake Gesina, ambaye mara nyingi alimkalia kaka yake amchore, alichora na kutunza albamu zake mwenyewe. Mzigo huo ulibaki kwa wazao wao hadi mwaka 1886, Rijksmuseum ilipoununua.

Kwa hiyo tunao ushahidi wa nyumba nzima ikitazamana, na tunao kwa sababu mzee mmoja aliona kwamba karatasi ya mtoto inastahili tarehe. Pierre Bonnard alifanya kitu kinachofanana na hicho kwa ajili yake mwenyewe: kwa miaka mingi alibeba shajara ndogo za mfukoni, akaandika hali ya hewa ya kila siku kwa neno moja au mawili, na kwenye ukurasa huohuo akachora kwa penseli butu meza, dirisha, au Marthe, mke wake, akiwa bafuni. Rangi alizipaka baadaye, turubai likiwa limegongomewa ukutani bila fremu, yeye akikumbuka. Marthe alifariki mwaka 1942, na picha ya mwisho ya Marthe akiwa ndani ya maji, ile yenye mbwa mdogo sakafuni, aliendelea nayo hadi mwaka 1946.

Mchangiaji wa tatu:

Na ile karatasi yako ya mtoto mwenye mikono minne, ina tarehe?

Mleta mada:

Nilidhani haina, maana mimi sikuiandika. Nimeitoa kabatini sasa hivi nikaigeuza. Mke wangu ameandika nyuma kwa penseli tarehe, saa, na maneno mawili: "homa imeshuka". Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jioni ile mtoto alikuwa anaumwa.